Nywila ni sahihi, mfumo unakataa: Nani afungue mlango Nyamiaga?

KATA ya Nyamiaga, wilayani Ngara, iko mbali na Dodoma, lakini takwimu za wagonjwa wa wilaya kama hiyo hufika huko kupitia DHIS2, mfumo ulioenezwa nchi nzima mwaka 2013. Vituo vingi vya halmashauri hutumia pia GoTHOMIS kuandikisha wagonjwa, kupokea malipo na kutoa dawa. Mhudumu akishindwa kuingia katika mfumo, foleni husimama na daftari hurejea mezani.

Ulinzi wa kanzidata kwa ngazi ya mtumiaji humpa kila mmoja jina lake, nywila yake na mipaka yake. Karani wa malipo hana sababu ya kusoma majibu ya maabara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Juu ya haja ya ulinzi huo, basi, hakuna ubishi. Tatizo ni asubuhi inayofuata, pale watu wenye haki ya kuingia wanapojikuta nje.

Swali la kwanza la fundi makini ni dogo: amekwama mtu mmoja au wote? Wakikwama wote kwa pamoja, ni kupoteza muda kumbadilishia kila mtu nywila. Programu yenyewe huingia katika kanzidata kwa akaunti yake. Nywila ya akaunti hiyo ikibadilishwa bila kurekebisha faili la mipangilio, kituo kizima hufungiwa nje. PostgreSQL, kanzidata inayotumiwa na DHIS2, ina mtego mwingine. Orodha yake ya ruhusa husomwa kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio huamua; ukikataa, iliyo chini haijaribiwi. Mstari mmoja mkali ukiwekwa juu hufuta kazi ya yote yaliyo chini yake. Ujumbe anaouona mtumiaji umefupishwa makusudi ili usimsaidie mwizi. Sababu kamili huandikwa katika kumbukumbu za seva, mahali ambapo wengi hawatazami.

Akikwama mmoja, yafaa kutenganisha asiyeingia kabisa na aliyeingia lakini haoni kitu. Huyu wa pili hana tatizo la nywila. Mhudumu aliyehamishwa kutoka Biharamulo kwenda Ngara anaweza kuingia vizuri na bado akakosa fomu za kituo kipya, kwa kuwa akaunti yake imebaki imefungwa na kituo cha zamani.

Maradhi haya si mapya. Ofisi ndogo zilizotumia Microsoft Access ziliyajua: faili la vikundi vya watumiaji lilikaa mbali na kanzidata, na kompyuta isiyoelekezwa kwenye faili hilo ilimkataa mwenye haki au, vibaya zaidi, ikampitisha yeyote kwa jina la Admin, ambalo lilikuwa lilelile katika kila kompyuta. Microsoft iliuacha utaratibu huo katika muundo mpya wa mafaili wa mwaka 2007.

Hatari kubwa huja baada ya usumbufu. Watu waliochoka kukataliwa huazimana nywila, na wodi nzima huishia kufanya kazi kwa jina la muuguzi mmoja. Dawa ikitoweka, kumbukumbu zitamtaja aliyekuwa amelala nyumbani. Na kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo bila idhini kuwa kosa, aliyeazima na aliyeazimwa wote watakuwa na maelezo ya kutoa.

Kinachohitajika wilayani hakina gharama kubwa: akaunti ya pili ya msimamizi, ijaribiwe kabla kufuli jipya halijafungwa, na nakala ya kila barua ya uhamisho imfikie ofisa TEHAMA siku ileile. Zamu ya usiku nayo ijue ni nani wa kupigiwa simu saa nane, mgonjwa akiwa tayari dirishani.