Kujaza risasi upya: Mzigo mdogo, kesi kubwa mpakani

Mwaka 2020 risasi za kuwindia zilianza kuwa adimu na ghali. Kwanza ulikuja uhaba wa wakati wa korona huko Marekani, watu waliponunua hadi rafu za maduka zikabaki tupu. Mwaka 2022 vikaja vita vya Ukraine, na nitroselulosi, malighafi ya baruti ya kisasa, ikaanza kugombewa na viwanda vya mizinga. Wawindaji wengi wa Marekani wakageukia kazi ya zamani: kujaza upya, nyumbani, maganda yaliyokwisha kufyatuliwa.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Mutukula au Busia hilo laonekana jambo la mbali. Lakini Afrika Mashariki nako kuna wawindaji wenye leseni, na bidhaa inayopanda bei hutafuta njia, wakati mwingine ndani ya mzigo wa mtu asiyejua alichobeba.

Risasi ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki ndogo ya kitakoni inayogongwa na pini, baruti, na kichwa. Ganda ndilo linalotumika tena. Anayeanza kujifunza Marekani hununua kitabu cha vipimo kilichotolewa na mtengenezaji wa baruti, pamoja na mizani ndogo. Huanza na kipimo cha chini. Mezani huweka aina moja tu ya baruti, na hukagua kila ganda kwa tochi kabla ya kufunga kichwa, kwa sababu ganda lililotiwa baruti mara mbili laweza kupasua bunduki mbele ya uso wa mpigaji. Miwani ya kukinga macho huvaliwa, sigara hubaki nje.

Yote hayo husimama juu ya jambo moja: kujua kwa hakika ni baruti gani iliyo ndani ya kopo. Ya bastola huungua haraka kuliko ya bunduki ya kuwindia, na kwa macho zaweza kufanana. Ndiyo maana fundi makini hukataa kopo lisilo na lebo, hata likitolewa bure. Kopo lililovushwa kimagendo, likahamishiwa kwenye mfuko wa plastiki ili lisitambulike, limepoteza kitu pekee kilicholifanya lifae.

Hapo Kiswahili nacho huongeza utata. Mchimbaji wa Geita akitaja baruti, anamaanisha ya kulipulia mwamba, na fataki kwake ni ya kuiamsha hiyo. Mtu wa mjini akisikia fataki anafikiria mkesha wa mwaka mpya. Agizo la simu la "kopo la baruti na fataki" laweza kuleta kitu tofauti kabisa na kilichokusudiwa. Forodha wao hutenganisha: baruti ya risasi ni 3601, vilipuzi 3602, fataki za kuwashia 3603, na risasi ni 9306, "pamoja na sehemu zake".

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kesi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zinazoingizwa kwa masharti. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha nayo inataja ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa risasi, pale nchi husika inapotaka kibali kwa vitu hivyo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, Kenya ina Sura ya 114. Cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hakifuti lolote kati ya hayo.

Walio karibu zaidi na hatari, hata hivyo, ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba nyeupe ina bei nzuri kwa kilo, na maganda huja yamechanganyika na mabomba na vitasa. Kenya ilisimamisha biashara ya chakavu Januari 2022 na kuirejesha Mei kwa masharti, hivyo macho ya wakaguzi yapo. Mwenye gunia atasema ni chakavu cha shaba, 7404. Afisa anaweza kusema ni 9306. Maganda yaliyopondwa bapa hupunguza ubishi huo, lakini ni lazima kwanza kila moja liwe limethibitishwa kuwa tupu, maana risasi nzima ikiingia kwenye tanuru hulipuka.

Ganda lililofyatuliwa halina kichwa na fataki yake ina kidimbwi cha pini. Ikionekana risasi yenye kichwa, au fataki isiyo na alama, isigongwe wala kubanwa kwa koleo ili kuokoa shaba ya senti chache. Iachwe ilipo, watu wasogee, na polisi waitwe kabla gunia halijafika kwenye geti la mpaka.