Gesi Haiishi

Sentensi ya Kiswahili inayouzwa ghali kuliko zote hapa Dar es Salaam ina maneno matatu: "Gesi imeisha, bosi." Hutamkwa zaidi kuanzia Desemba, joto linapoanza kutukaba, na mtamkaji huwa juu ya ngazi ameshika bisibisi. Anayeambiwa, aliyesimama chini ya ngazi, ana shahada. Kanuni ya Boyle aliikariri sekondari na mtihani akaupita. Lakini akisikia gesi imeisha, ana swali moja tu: "Sasa hiyo ni shilingi ngapi?"

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Si kama ya kupikia, inayochomwa mpaka mtungi ukawa mwepesi, wala si kama mafuta ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote: inabeba joto la chumbani, inalitupa nje, inarudi kubeba jingine. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza miaka yake yote na gesi ileile iliyokuja nayo. Ikipungua, maana yake kuna mahali panavuja. Anayekujazia kila mwaka bila kutafuta panapovuja anajaza maji kwenye pakacha, na wahenga walishasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

Uongo huu unadumu kwa sababu una ushahidi. Tazama unavyofanya kazi. Chujio la mashine ya ndani limeziba vumbi. Hewa haipiti, kwa hiyo mabomba ya ndani yanapoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake, barafu inajengeka, na chumba kinabaki cha moto. Ukizima, barafu inayeyuka na kudondokea kitandani. Unampigia fundi. Fundi anaosha chujio, anasafisha mapezi ya ndani kwa brashi, anaimwagia maji mashine ya nje iliyojaa vumbi na chumvi ya bahari, halafu mwishoni kabisa anachomeka mpira wa gesi kwa dakika tatu. Anawasha. Baridi inakuja! Umeona kwa macho yako, utabisha nini? Unalipia gesi, wakati kilichoponya ni maji ya bomba na brashi.

Hiyo kazi ya maji na brashi, kwa sehemu kubwa, ungeifanya mwenyewe kabla chai haijachemka. Zima umeme wa mashine. Inua kifuniko cha mbele, vuta chujio, lioshe kwa maji ya kawaida, lianike kivulini, lirudishe likiwa kavu. Ukiishi karibu na barabara ya vumbi fanya hivyo kila wiki mbili. Kama barafu imeshaganda, usiikwangue; zima, au washa feni peke yake, uiache iyeyuke.

Na ikidondosha maji chumbani bila barafu yoyote, usikimbilie kusema imeharibika. Willis Carrier alipochora mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, hakuwa anafikiria mtu yeyote kulala vizuri. Kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji Brooklyn ambacho karatasi zake zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikakataa kulingana. Kiyoyozi kilizaliwa kuwa mashine ya kukausha hewa, na katika mji wenye unyevu kama wetu maji yanayotiririka nje ukutani ni dalili ya uzima. Yakitokea ndani, njia ya kutokea imeziba. Fuata ule mpira mdogo mpaka mwisho wake nje. Mara nyingi utakuta utelezi, au mdudu amejenga. Ondoa kwa waya laini usio na ncha, kisha mimina maji kidogo kwenye sinia la ndani uone kama yanatokea.

Kuna na la rimoti, ambalo naona haya hata kuliandika. Alama ya kipande cha theluji ni ubaridi. Alama ya feni ni feni. Watu wazima hulipa nauli ya fundi ili aje abonyeze kitufe kimoja. Na kuweka 16 hakukifanyi chumba kipoe upesi kuliko 24, kwa mashine ya kawaida isiyobadili kasi. Inafanya kazi kwa nguvu ileile, ila haijui pa kusimama, na uniti za Luku zinakwenda nayo.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mafundi. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaokaa mezani na kusema "mafundi wote waongo" huku tukiwa ndio soko la huo uongo. Fikiria fundi mkweli. Anakuja, anafungua, anasema: "Dada, gesi ipo, ilikuwa uchafu tu, nipe ya nauli na ya maji." Unampa kidogo, tena kwa kusitasita, maana hakufanya "kitu". Kesho yake jirani anampa fundi mwingine mara nne ya hiyo kwa ajili ya gesi hewa. Nani kati yao atanunua mizani ya kupimia gesi na mashine ya kuvuta hewa kwenye mabomba, na nani ataacha ufundi aendeshe bodaboda? Asiyejua anachonunua hulipia maelezo, na uongo una maelezo mazuri kuliko ukweli.

Tena gesi inayovuja inakwenda mahali. Mashine za zamani zina R22, ambayo hula tabaka la ozoni na ni miongoni mwa kemikali zinazoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Nyingi zilizofuata zina R410A, ambayo haiguusi ozoni, lakini kilo moja yake ikipotea hewani hupasha dunia joto kama takriban tani mbili za hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka mia. Tunaandika mabandiko marefu kuhusu tabianchi tukiwa chini ya kiyoyozi kinachojazwa kila Desemba.

Kutojua huku tunakuonea fahari. "Mimi na mambo ya fundi, weee!" mtu anasema huku anacheka, kwa sauti ambayo hangeitumia kamwe kusema hajui kusoma. Tulifundishwa. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule iunganishe kichwa na mikono. Shuleni kwetu aliyechelewa alipewa jembe, na aliyefanya vizuri darasani alisamehewa kazi ya mikono ili akasome. Somo hilo lilituingia kuliko yote. Leo serikali imeleta mkondo wa amali sekondari, VETA ipo tangu 1994, na bado mzazi wa mjini anatamka "amali" kama anayetaja ugonjwa wa mtoto wa jirani.

Maji ndiyo yanaonyesha ubaya wake. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipungua na Dar ikaingia kwenye mgawo. Watu walibeba madumu usiku. Na usiku huohuo, kwenye majengo yenye matangi juu ya paa, ungeweza kusimama kwenye korido ukasikia vyoo vikilia shiii, shiii, mpaka asubuhi. Choo kinacholia kinapitisha maji masafi kutoka kwenye tangi lake kwenda shimoni, saa 24. Wenye nyumba hizo hawakuwa watu wabaya. Sauti ile ilikuwa imeshakuwa sehemu ya nyumba, kama jogoo wa jirani.

Kipimo chake hiki hapa. Weka rangi ya chakula, au kahawa nzito, ndani ya tangi la choo. Usiflashi. Rudi baada ya nusu saa. Ukikuta rangi ndani ya bakuli la choo, kuna njia. Funua tangi utazame: ama boya limepanda mno na maji yanamwagikia kwenye bomba la katikati, basi lishushe kwa skrubu yake, ama kile kifuniko cha mpira cha chini kimechakaa au kimeshika chumvi, basi kisafishe au ununue kingine dukani, uende nacho mkononi ili upewe kinachofanana. Kabla ya kugusa chochote funga koki ndogo iliyo ukutani karibu na choo. Nenda kaitafute leo, ujue ilipo na kama inageuka, maana siku bomba linapasuka si siku ya kutafuta koki.

Bomba linalodondosha nalo, usiliogope. Lile la kufungua kwa kuzungusha lina kipande cha mpira ndani, washa, na huchakaa zaidi kwa sababu tunalikaza kama tunamnyonga adui. Funga maji, fungua kichwa kwa spana, badilisha. Kama unaona tone ni tone tu, weka kikombe cha robo lita chini yake. Kikijaa kwa dakika 15, hiyo ni lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi, yaani madumu 36. Mwambie yeyote aliyewahi kununua maji kwa dumu akupigie hesabu ya fedha.

Bomba moja likiwa dhaifu na mengine yana nguvu, fungua kichujio kidogo cha mdomoni. Baada ya mgawo huwa kimejaa mchanga. Bomba la mvua lililoziba kwa maji chumvi ya kisima, likae kwenye siki usiku mmoja. Na bafu la wageni likinuka ghafla, usimwage kemikali. Chini ya tundu kuna kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa ya shimoni isipande. Alexander Cumming aliipatia hataza London mwaka 1775, kwenye choo chake. Bafu lisipotumika wiki kadhaa, maji yale hukauka. Mimina jagi moja, harufu inakatika. Nauli ya fundi nzima imo ndani ya jagi hilo.

Nimeshajibiwa kwamba huu ni ubahili wa wasomi, kwamba fundi naye ana watoto. Kweli anao. Mpe kazi basi, kazi yenyewe: kutafuta uvujaji, kubadilisha bomba lililooza ukutani, kufunga mashine ipasavyo. Mlipe hiyo vizuri na kwa wakati. Kumlipa kwa kubonyeza rimoti ni sadaka iliyovishwa ovaroli, na yeye anajua.

Wengine husema muda wao ni ghali. Hawa nawapenda. Wamekaa Jumamosi nzima wakimsubiri mtu aliyesema "niko njiani" saa tatu asubuhi.

Kwa mwanamke anayeishi peke yake, kama mimi, kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kiyoyozi kiko chumbani. Fundi haji peke yake, anakuja na msaidizi, na kati ya kufungua kifuniko na kufunga kifuniko atauliza, "Shemeji yuko wapi, kasafiri?" Labda ni maongezi tu. Lakini ninapojua kuosha chujio mwenyewe, mimi ndiye ninayechagua lini swali hilo liulizwe ndani ya chumba changu. Ndiyo maana huwa siwaelewi kina mama wanaomwita mtoto wa kiume ashike spana huku binti akiangalia.

Kuna vya kuacha, na kujua vya kuacha ni sehemu ya kujua. Mashine ya nje ina kapasita, inayoweza kushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa; usiingize mkono. Gesi usiiguse, R32 iliyomo kwenye mashine mpya huweza hata kushika moto. Hita ya umeme ya kuogea ikikupiga shoti hata kidogo, zima kwenye swichi kubwa na umwite fundi umeme, siku hiyohiyo. Na usichanganye jiki na dawa yenye asidi ya kuzibulia choo, kwa kuwa hewa ya klorini inayotoka humo inaua.

Kwa fundi wa gesi, swali ni moja: "Inavuja wapi?" Nililiuliza mwaka juzi. Kijana alikuwa tayari ameshusha mtungi begani. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniomba sabuni ya kuoshea vyombo na sponji. Alilitengeneza povu zito, akapaka kila nati ya shaba, nje na ndani, akachuchumaa kuangalia. Dakika kumi hazikutokea kitu. Kisha kwenye nati ya karibu na ukuta povu likaanza kuvimba, tone moja, polepole, kama jicho linalofunguka. Akaikaza, akapaka tena, akasubiri tena, ndipo akaongeza gesi kwa mizani. Nilimlipa zaidi ya alichotaja. Wakati anakunja mipira yake nilimuuliza kwa nini hakuanza na sabuni.

"Dada," akasema, "ukianza na sabuni wateja wanaona hujui kazi."