Mgonjwa wa figo asinyimwe maharage

Huku bondeni mtu akishaambiwa hospitali kwamba figo zake zimedhoofika, nyumba nyingi huanza kwa kumwondolea maharage na mboga za majani. Anachinjiwa kuku, anapewa mchuzi uliokolea chumvi, na Jumuiya ikija kumtazama inamletea soda. Yote hayo ni kwa upendo, lakini mimi siyaafiki.

Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kabla figo hazijakoma kabisa. Kwa hiyo sahani yao iulinde na moyo. Maharage, kunde, ulezi na mchicha vina nyuzinyuzi zinazosaidia kupunguza lehemu katika damu, na mboga hupunguza asidi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Fosforasi ya maharage nayo mwili hauichukui yote, tofauti na ile inayotiwa kiwandani katika soda za kola. Mwaka 2024 shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, KDIGO, lilishauri wagonjwa hawa wale zaidi vyakula vya mimea kuliko vya wanyama.

Cha kuondoa ni chumvi. Kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi. Na magadi, akina mama! Najua maharage huiva upesi na kisamvu hulainika, lakini magadi yana sodiamu ile ile ya chumvi. Afadhali kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake.

Figo zikichoka sana, potasiamu hujaa katika damu na yaweza kuusimamisha moyo. Hapo ndizi, parachichi, viazi na majani huliwa kwa kipimo. Lakini hali hiyo hujulikana kwa kupima damu, si kwa kukisia jikoni. Aliyekutwa nayo akatiwe mboga vipande vidogo, zichemshwe katika maji mengi, kisha maji yamwagwe. Anayesafishwa damu kwa mashine anahitaji protini zaidi, basi afuate maelekezo ya daktari wake. Na ile chumvi inayouzwa madukani kwa ajili ya wenye presha asiiguse bila kuuliza: mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu.