Marufuku ya uwindaji iliwapokonya Waata upinde bila kuwapa badala

MNAMO Mei 2014, ndovu aliyeitwa Satao, mmoja wa ndovu wachache duniani waliokuwa na pembe ndefu za kukaribia kugusa ardhi, aliuawa katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki. Aliyemuua hakuhitaji bunduki. Alitumia mshale uliopakwa sumu.

Kifo hicho kilizua ghadhabu ndani na nje ya nchi. Kilifufua pia hofu ya silaha ambayo Wakenya wengi walidhani imesalia katika majumba ya makumbusho. Bunduki ikifyatuliwa mlio wake huwaita askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mshale haulii. Ndiposa majangili waliurudia ulinzi ulipoimarishwa.

Hata hivyo, katika ghadhabu hiyo kuna jambo lililosahaulika. Upinde na mshale wa sumu ulikuwepo Tsavo kabla ya mbuga yenyewe kuwepo, na wenyewe walikuwa jamii iliyoishi kwa uwindaji. Serikali, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, ilipiga vita upinde huo kwa sababu zinazoeleweka. Ambalo haijawahi kulitimiza ni kuwapa waliopokonywa riziki hiyo kitu cha kuishika nafasi yake.

Jamii inayozungumziwa hapa ni Waata, ambao majirani huwaita Wasanye au Waliangulu. Ni watu wanaozungumza lahaja ya Kioromo, na makao yao yametapakaa katika kaunti za Kilifi, Tana River, Taita Taveta na Kwale. Miongoni mwao, aliyemwangusha ndovu kwa mshale alihesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Kabla ya kukihukumu kifaa hicho, yafaa kwanza kukifahamu. Upinde wa Waata ni mrefu, na nguvu za kuuvuta ziliwashangaza waliowahi kuzipima. Baadhi ya pinde hizo zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100, yaani takriban kilo 45. Hicho ni kiwango cha kulinganishwa na pinde za vita walizotumia Waingereza katika mapigano ya Agincourt, Ufaransa, mwaka wa 1415. Kijana hakuweza kuuvuta upinde wa aina hiyo kwa siku moja. Alijizoeza tangu utotoni kwa pinde ndogo, akipanda ngazi kadiri misuli ilivyokomaa.

Mshale nao una wano la mti, manyoya ya ndege mkubwa kama vile tai nyuma yake ili uende sawasawa, na kigumba cha chuma mbele. Kigumba hicho hupakwa sumu, kisha huviringishwa ngozi nyembamba ili sumu isiharibiwe na jua wala isimkwaruze mwenyewe. Ngozi hiyo huondolewa tu pale windo linapokaribiwa. Mishale hubebwa katika podo la ngozi, begani.

Sumu yenyewe hutokana na mti unaojulikana kwa wataalamu kama Acokanthera, ambao Wapwani wengi huuita msungu. Vipande vya mti huo hutokoswa kwa saa nyingi hadi inapobaki lami nyeusi. Wagiriama ndio waliosifika kwa kuitengeneza, na Waata pamoja na Wakamba walikuwa wateja wao. Kwa hivyo upinde haukuwa kazi ya mtu mmoja msituni, bali kiungo cha biashara baina ya makabila.

Kiini cha sumu hiyo ni wabaini, kemikali inayovuruga mapigo ya moyo hadi ukasimama. Jina hilo lenyewe lina asili ya neno la Kisomali lenye maana ya sumu ya mshale. Ajabu ni kwamba kemikali hiyo hiyo, kwa vipimo vidogo, iliwahi kutumiwa na madaktari wa Ulaya kutibu maradhi ya moyo. Walichokuwa nacho wawindaji wa Tsavo, basi, hakikuwa uchawi wala ubahatishaji. Kilikuwa elimu.

Elimu hiyo iligongana na sheria mapema. Tangu mwanzo wa karne ya 20, utawala wa Uingereza ulifanya uwindaji kuwa suala la leseni. Mwenye fedha na bunduki aliitwa mwanaspoti. Mwenye upinde na njaa aliitwa jangili. Mwaka wa 1909 aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alianza Kenya safari iliyomfikisha hadi Sudan, na yeye na mwanawe wakaua zaidi ya wanyama 500. Alipokewa kwa heshima. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwaka wa 1948, Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, ikameza eneo la zaidi ya kilomita 20,000 mraba. Sehemu kubwa ya ardhi waliyowinda Waata ikawa ndani ya mipaka. Mwishoni mwa 1956 walinzi wa mbuga, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, walianzisha msako mkali dhidi ya wawindaji. Katika muda wa miezi kadhaa, wawindaji waliotajika walikuwa wamekamatwa na kufungwa jela, na uwindaji wa upinde ukavunjika mgongo.

Haitakuwa haki kudai kwamba msako huo haukuwa na sababu. Si kweli kwamba Waata waliwinda kwa ajili ya kitoweo pekee. Pembe walizopata ziliuzwa kwa wafanyabiashara na kusafirishwa Pwani, kama ilivyokuwa kwa karne nyingi, na bei ilipopanda waliouawa waliongezeka. Mizoga ya ndovu iliyopatikana Tsavo katika miaka hiyo ilikuwa mingi mno kuweza kupuuzwa.

Baadhi ya walioendesha msako huo walikuja kutambua kwamba kumfunga mtu jela si kumpa riziki. Mwaka wa 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga. Lengo lake lilikuwa kuwaruhusu Waata kuwinda idadi maalum ya ndovu kihalali, nyama na pembe ziuzwe, nao wapate mapato. Hilo ndilo jaribio pekee kubwa lililowahi kufanywa la kuutambua ujuzi wao kama kazi.

Mpango huo haukudumu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, ardhi ya Galana ilikuwa imekodishwa kwa kampuni ya ufugaji na uwindaji wa kitalii. Miongo kadhaa baadaye, mwaka wa 2014, serikali ilizindua huko mradi wa kilimo cha unyunyizaji wa Galana-Kulalu. Kutoka uwindaji hadi ng'ombe, kutoka ng'ombe hadi mahindi, ardhi hiyo imepangiwa matumizi mara nyingi. Walioitegemea kwa upinde wamebaki watazamaji.

Pigo la mwisho lilikuja Mei 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wote, ukiwemo ule wa leseni. Lakini kilichofuata kinapaswa kuwafikirisha wanaoamini kwamba upinde ndio uliokuwa adui mkuu wa wanyamapori. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikadiriwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki takriban 20,000 au pungufu. Wakati huo Waata hawakuwa na nguvu tena. Ndovu hao waliangamizwa hasa na ujangili wa bunduki za kisasa, ukichochewa na soko la ng'ambo na ulaji rushwa humu nchini.

Kilichookoa ndovu si kupokonywa kwa pinde bali kuzibwa kwa soko. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe duniani. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 iliwapata ndovu 36,280. Ni ufanisi ambao hakuna Mkenya anayetaka kuuona ukiporomoka.

Hata hivyo, ufanisi huo una upande wa pili. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa iliweka kifungo cha maisha au faini isiyopungua Sh20 milioni kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini. Hilo lilistahili. Lakini sheria hiyo iliweka pia kosa mahususi la kuwinda kwa ajili ya kujikimu, kwa faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Mtu anayemlenga paa mdogo ili watoto wale naye ni mhalifu, na Sh30,000 kwake ni mlima.

Wakati huo huo, Katiba ya 2010 inasema jambo jingine. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali kuwawekea mipango maalum watu wa jamii ndogo na zilizotengwa, ikiwemo kuendeleza tamaduni na riziki zao. Kifungu cha 63 kinatambua kuwa ardhi ya jamii ni pamoja na ile iliyokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wachuma matunda. Ahadi hiyo imeandikwa. Utekelezaji wake ndio unaosuasua.

Waogiek wa Msitu wa Mau wanalijua hilo. Mnamo Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, zikiwemo za ardhi na utamaduni, kwa kuwafurusha msituni. Mahakama haikukubali hoja kwamba kuharibiwa kwa msitu huo kulisababishwa na kuwepo kwa jamii hiyo. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya Sh157 milioni. Uamuzi huo unawahusu Waogiek, lakini mantiki yake inawagusa pia Waata: uhifadhi peke yake si sababu tosha ya kuifuta jamii kwenye ardhi yake.

Nchi jirani ya Tanzania inatoa mfano mwingine. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wangali wanawinda kwa upinde. Mwaka wa 2011 walipata hati za kimila za kumiliki ardhi katika Bonde la Yaeda, na baadaye wakaanza kupata mapato yatokanayo na biashara ya hewa ya ukaa kwa kuitunza misitu yao. Misitu imebaki, na watu wamebaki.

Mfano huo hauwezi kunakiliwa Kenya neno kwa neno. Wahadzabe ni wachache, nao hawawindi ndovu. Kuruhusu mshale wa sumu kurudi Tsavo leo, pembe zikiwa bado na wanunuzi wa siri, kutakuwa sawa na kumfungulia fisi zizi. Aidha, ndovu aliyechomwa kwa sumu hafifu huweza kuteseka kwa siku nyingi akiwa na kidonda kinachooza, jambo ambalo madaktari wa wanyama mbugani wamelishuhudia mara kadhaa.

Isitoshe, upinde umejipaka matope kwingineko. Katika ghasia za kikabila za miaka ya 1990 na zile za baada ya uchaguzi wa 2007, mishale iliua watu katika Bonde la Ufa. Hakuna serikali itakayokubali kuona pinde zikibebwa ovyo.

Kwa hivyo swali halisi si iwapo uwindaji wa ndovu uhalalishwe. Swali ni iwapo mtu anaweza kuzuiwa kuwinda bila kufutwa. Majibu yapo, nayo hayahitaji damu ya mnyama hata mmoja.

La kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatoa njia ya kusajili ardhi kwa jina la jamii. Kwa kuwa Waata wametawanyika katika kaunti kadhaa, hawana wingi wa kura wa kuwatetemesha wanasiasa. Bila msukumo wa serikali kuu, sheria hiyo itawafaa majirani wao wenye nguvu kabla ya kuwafaa wao.

La pili ni ajira. Anayesoma nyayo za ndovu juu ya mwamba mkavu, au kutambua kwa jani lililovunjika ni saa ngapi mnyama amepita, ana ujuzi ambao chuo hakifundishi upesi. KWS, inayotumia fedha nyingi kuwasaka majangili, ingefaidika kuwaajiri vijana wa jamii hiyo kwa ujuzi huo badala ya kuwapima kwa vyeti vya shule ambavyo wengi hawana.

La tatu ni kuhifadhi elimu yenyewe. Mpiga upinde Shehzana Anwar alipobeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, alionyesha kwamba mchezo huu una nafasi nchini. Hakuna sababu ya shabaha kufunzwa katika vilabu vya mijini pekee, ilhali waliokulia katika jadi ya pinde nzito kuliko zote nchini hawana uwanja wala mwalimu. Upinde bila sumu, mbele ya shabaha ya majani, haumtishi mtu wala mnyama.

Kila mwaka unaopita hupunguza idadi ya wazee waliowahi kuchonga upinde wa namna hiyo na kuuvuta. Wakiondoka, Kenya itabaki na pinde chache ndani ya vioo na majina yao katika vitabu vya waliowafunga. Lakini umaskini ulioachwa na marufuku hautaondoka nao. Vijana wasio na ardhi wala kazi, wanaoishi kando ya mbuga yenye mamilioni ya thamani ya pembe, ndio ambao mfanyabiashara haramu huwatafuta kwanza. Anayetaka Satao mwingine aishi ana sababu ya kutaka wao pia waishi.