Moto Upitao Usiku

Waliowahi kuuona watakubali kuwa si kitu cha kusahau. Watu wameketi nje baada ya chakula, mara ua wote wang'aa kama mchana, na vivuli vya migomba vyakimbia ukutani. Wakiinua macho, moto mkubwa wakata mbingu na kuzimika. Giza larudi hata mtu hajamaliza kufanya ishara ya msalaba.

Asubuhi maneno huanza. Huyu asema umeanguka nyuma ya nyumba ya bibi fulani. Yule asema ndiyo, huko huko. Kufika jioni, bibi kikongwe aliyekuwa amelala usingizi wake ana kesi ya uchawi.

Moto ule ni kimondo, yaani jiwe au chuma kitokacho mbali angani. Huingia katika hewa yetu kwa mwendo wa kilometa 11 au zaidi kwa sekunde moja, nacho huanza kuwaka kikiwa juu yapata kilometa 100. Hapo ndipo macho hutudanganya. Ukiwa Korogwe ukakiona chini chini, upande wa Handeni, juu kidogo ya vichaka, huenda kilikuwa juu ya Rufiji, kilometa 300 kutoka uliposimama. Na mtu wa Handeni naye ataapa kuwa kimeangukia shamba la jirani yake!

Basi wazee wakiletewa shauri hilo, wawaite walioona. Kila mmoja asimame palepale aliposimama usiku ule, anyooshe mkono. Mikono yote itaelekea upande mmoja, wala haitakutana juu ya paa la bibi. Tena waulizwe juu ya ngurumo. Sauti huenda kilometa 20 hivi kwa dakika. Iliyofika baada ya dakika 3 imetoka kilometa 60.

Mara chache jiwe hufika chini. Mwaka 1899 moja lilianguka Peramiho, ambako mapadre Wabenediktini walikuwa wamefungua misioni mwaka mmoja tu kabla yake. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, yalianguka mengi. Kipande kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba, kikamgonga kijana mmoja kichwani, wala hakuumia. Lakini wako watu waliosaga mawe yale wakayala, wakidhani ni dawa ya UKIMWI. Hayatibu kitu. Ni mawe yenye chuma ndani yake, basi.

Ukiokota jiwe zito, jeusi kwa nje kama lililoungua, usilivunje wala usilioshe. Lifunge katika karatasi safi, ulipeleke kwa mwalimu wa shule au kwa mtendaji wa kijiji, ueleze siku, saa, na mahali ulipoliona. Na kama hukuokota kitu, siku na saa ziandike vilevile, pamoja na upande moto ulikotokea na ulikozimikia.