Mwalimu wa Muziki Yuko Hapo Mtaani, Shida ni Vile Unamwangalia

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina hii: "Buda, unajua mwalimu wa gitaa hapa Nairobi? Nataka wa kuja kunifundisha kwangu. Awe amesomea. Na asiwe ghali."

Hebu soma tena hizo mbili za mwisho. Awe amesomea. Asiwe ghali. Yaani unataka mtu aliyelipiwa karo miaka yote hiyo, halafu Jumamosi atoke kwake aje kwako akufundishe kwa bei ya smokie na mayai boilo. Na kwa hiyo orodha yako yote hujauliza kitu kimoja cha maana: huyo mtu anajua kufundisha?

Leo nitasema, na najua wengine mtaninunia. Walimu wa muziki Kenya wako. Mtu mwenye anapiga kinanda kanisani kwenu kila Jumapili, mwenye akisikia kwaya imepanda sana anashusha wimbo hapo hapo bila kuangalia karatasi, huyo ana kitu cha kukufundisha. Lakini kwa sababu hana cheti ukutani tunamwita "yule jamaa wa kinanda". Tunamkumbuka siku ya harusi, tena tunamlipa kwa sahani ya pilau na asante.

Na kabla mnirukie, nitaanza na mimi mwenyewe, kwa sababu haya makosa niliyafanya.

Nilinunua gitaa pale mjini, Ksh 9,500. Nikatafuta mahali pa kujifunza, nikapata shule moja ya muziki, jina nawachia wenyewe. Mwalimu alikuwa na vyeti vimewekwa fremu. Ksh 2,000 kwa saa. Sikuuliza mara mbili, nikatoa simu nikalipa. Nilienda mara sita. Kila mara ananipa karatasi ya noti, anasema "rudia", halafu anarudi kwa simu yake. Nikimwambia vidole vinauma, ananiambia nitazoea. Mara sita, Ksh 12,000, na nikitoka pale nilikuwa najua skeli moja na kodi tatu. Kodi za gitaa, si zile za KRA, ingawa uchungu ni ule ule.

Halafu nikaenda matanga ya jirani yetu, huko Kawangware. Usiku, watu wameota moto, na kuna mzee amekaa kwa kiti cha plastiki anapiga gitaa. Kando yake kijana anagonga chupa ya Fanta, zile za zamani zenye mifereji. Gitaa moja, chupa moja, na watu wanacheza kwenye matanga. Nilisimama hapo kama saa mbili. Nilidhani kuna gitaa la pili mahali, nikaanza hata kulitafuta kwa macho. Hakukuwa na la pili. Ni gumba lake lilikuwa linapiga besi, na kidole cha pili kinaimba.

Hiyo inaitwa omutibo. Ni muziki wa Waluhya wa magharibi, na ukiuliza wazee watakutajia George Mukabi, mtu wa Kisa, aliyefariki 1963 na bado wapiga gitaa wanamfuata. Mitihani ya ABRSM ina gredi 1 mpaka 8. Hakuna hata moja itakuuliza omutibo.

Nikamuuliza mzee kama anaweza kunifundisha. Akasema ndiyo. Nikauliza ni pesa ngapi. Akasema, "Mia tano kila nikija, kijana wangu."

Na mimi, mwenye nilikuwa nimelipa elfu mbili mara sita bila kupepesa macho, nikamwambia, "Mzee, si utanisaidia hapo? Hali ni ngumu." Akaniangalia kidogo. "Uko na ngapi?" Nikasema mia mbili. Akasema sawa.

Mia mbili. Nilitoka pale nikiona nimeshinda.

Jumamosi ya kwanza alikuja Uthiru kwangu. Kabla hajanifundisha chochote alichukua gitaa langu, akaliweka kwa jicho kama fundi anapima mbao, akasema nyuzi ziko juu sana. Akazilegeza, akatoa kile kipande cheupe chembamba kinachobeba nyuzi huku chini, akaniuliza kama niko na msasa. Nilitumwa kwa duka la vifaa vya ujenzi. Akakisugua, akarudisha, akakaza nyuzi. Dakika ishirini. Vidole viliacha kuniuma siku hiyo hiyo. Yule wa vyeti aliniambia nitazoea.

Wiki mbili za kwanza sikuruhusiwa kutumia kidole kingine. Gumba tu. "Gumba ni baba wa nyumba," akaniambia. "Huyu wa pili ni mama, ndiye anaongea. Baba akiyumbayumba, mama hata aseme maneno matamu namna gani, nyumba haitasikika." Nikikosea hakuwa anasema nimekosea. Alikuwa ananyamaza na kuanza kupiga goti lake taratibu mpaka gumba langu lirudi njiani. Huko ndiko kufundisha. Kusikia mtu amepotelea wapi, na kujua njia ya kumrudisha.

Kwa miezi mitano nilijifunza nyimbo mbili nzima, na ya tatu tukaanza.

Siku moja ya Aprili mvua ilinyesha vile mnaijua mvua ya Nairobi. Nikajua haji. Akafika. Amelowa mpaka magotini, gitaa lake limefungwa kwa nailoni. Nikamwambia, "Mzee, si ungepanda matatu?" Akacheka. "Nikipanda ya kuja na ya kurudi, hiyo yako inabaki ngapi?"

Hapo ndipo nilijua. Miezi yote hiyo alikuwa anatembea, Kawangware mpaka Uthiru, anafuata Naivasha Road na gitaa mgongoni, kisha anarudi. Kwa sababu mimi nilimpunguzia.

Na mnajua nilifanya nini? Nilicheka pia. Nikampa chai. Sikuongeza hata shilingi moja. Nilijiambia tulikubaliana.

Baada ya miezi miwili akapata kazi ya uaskari wa usiku, mchana analala. Jumamosi zikaisha. Baadaye nikasikia amerudi nyumbani Khwisero. Ule wimbo wa tatu niko nao nusu mpaka leo. Najua gumba linavyoanza. Pale kidole cha pili kinaingia sijui, na nimetafuta YouTube yote sijapata, kwa sababu ilikuwa ni namna yake yeye.

Sasa turudi kwako mwenye unatafuta mwalimu.

Najua utasema nini. La kwanza: "Lakini cheti kinaonyesha mtu anajua." Cheti kinaonyesha alifaulu mtihani wake. Sina ubaya na mtihani. Kama mtoto wako anataka kusoma noti vizuri, au anataka kuingia chuo kwa njia ya muziki, tafuta mwalimu wa gredi, na Conservatoire ya Kenya iko Nairobi tangu 1944, nenda uulize. Lakini kufanya na kufundisha ni kazi mbili. Swali la kuuliza mwalimu yeyote, wa fremu au wa mtaani, ni moja: "Naweza kuona mwanafunzi wako akipiga?" Mwenye anafundisha kweli atafurahi kukuonyesha. Mwenye hafundishi atakuonyesha ukuta.

Na kuna karatasi moja mzazi anafaa kuuliza, na ajabu ni kwamba hiyo ndiyo hatuulizi. Kama mwalimu anakuja kwako kufundisha mtoto, omba cheti cha tabia njema, kile cha DCI. Kwa kila mtu, hata huyo wa digrii. Na somo lifanyike sebuleni, mlango wazi, wewe ukiwa hapo. Mzazi anauliza "ana gredi ngapi?" halafu anamfungia mtoto na mtu asiyemjua kwa chumba, anaenda supermarket. Kwani gredi nane inalinda mtoto?

La pili: "YouTube inatosha, tena bure." YouTube ni nzuri, mimi mwenyewe naishi huko. Lakini video haioni gumba lako. Haitakuambia nyuzi ziko juu. Utarudia kosa lile lile mwaka mzima, na video itaendelea kukusifu ati "great job" wakati unaharibu mkono.

La tatu, na hili ndilo kubwa: "Pesa hakuna." Nakuelewa. Hali ni mbaya, sidanganyi. Lakini angalia vile tunapunguza. Hatupunguzii mtu wa Wi-Fi. Hatuendi kwa duka la viatu Sarit kuambia mhudumu "si utanisaidia hapo". Tunapunguzia mama mboga, fundi na mwalimu wa mtaani, kwa sababu tunajua hao wanahitaji hiyo pesa leo. Hiyo si bei tunazungumza. Tunamshika mtu pale amebanwa.

Kama kweli huna, kuna njia. Chukua somo mara moja kwa wiki mbili badala ya kila wiki, lakini lipa bei yake. Tafuta majirani wawili mchangie, msome pamoja saa moja. Au wewe ndiye uende kwake, nauli iwe juu yako. Ungemwambia mzee wangu "nitakuja Kawangware mimi", angekuwa na mia mbili nzima mfukoni na miguu yake. Hata hilo sikufikiria.

Na usiniambie eti muziki wa kwetu hauna soko. Kenya Music Festival iko tangu 1927. Kila mwaka watoto wanapanda jukwaani na nyatiti, na isukuti, na ngoma za Pwani, washindi wanaenda kutumbuiza Rais, na sisi wote tunapiga makofi na kurekodi kwa simu. Nani aliwafundisha? Shuleni kwetu alikuwa mzee mmoja wa kijiji, aliitwa mwezi mzima kabla ya mashindano kufundisha vijana ngoma. Shule ikashinda kaunti. Mwalimu mkuu alipewa kombe. Mzee alipewa soda na mkate. Nilikuwa hapo, niliona. Mwaka uliofuata aliitwa tena, akasema ana shughuli shambani. Tulimsema vibaya sana, ati ana maringo.

Halafu kuna Eriko Mukoyama, mnamjua kama Anyango. Alitoka Japani akaenda kukaa kijijini Siaya kujifunza nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Akapika, akachota maji, akakaa chini ya mzee mpaka akaijua. Mtu amevuka bahari kumtafuta mwalimu, na wewe huyo mwalimu anakaa vituo viwili kutoka kwako unamuuliza kama anaweza kukufanyia mia mbili.

Kwa hivyo ukiniuliza tena "unajua mwalimu wa gitaa?", jibu langu ni hili. Nenda kanisani Jumamosi alasiri wakati wa mazoezi, si Jumapili wakati wa sadaka. Simama nyuma usikize. Nenda kwa harusi na uangalie bendi, usiangalie keki. Uliza fundi wa kutengeneza gitaa, yeye anajua nani huleta gitaa limechakaa kwa kupigwa na nani huleta limejaa vumbi. Ukimpata, lipia somo moja la kujaribu. Ukitoka hapo ukiwa unajua kitu hukukijua ulipoingia, huyo ni wako. Kubalianeni siku, saa na pesa, na akikutajia bei, meza mate kwanza kabla hujafungua mdomo.

Nimeanza kuulizia namba ya mzee kupitia watu wa Khwisero. Nikimpata, nitalipa nauli mimi, nitaenda mimi, na bei itakuwa ile ya kwanza aliyonitajia, pamoja na mia tatu tatu za Jumamosi zote nilizomkata. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya elfu sita. Nikichelewa, basi huo wimbo utabaki nusu, na kosa ni langu.

Hapo chini niambieni: mtaani kwenu nani anapiga, na anapiga nini? Usiweke namba ya mtu bila ruhusa yake. Andika mtaa na ala peke yake. Na kama uliwahi kumpunguzia, sema pia. Tusiwe wawili watatu tu wenye aibu hapa.