Kona ya Familia: Makelele ao muziki?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo lenye limegawanya nyumba nyingi hapa kwetu: ile jioni ya muziki wa vijana chini ya mwembe. Kuna nyumba ambamo baba na mtoto hawajasemezana vizuri tangu siku ile. Wengine wanasema ulikuwa muziki. Wengine wanasema makelele tu. Sisi wa ukurasa huu tulikuwepo, na tuseme ukweli: tulienda tukiwa upande wa makelele.

Vijana waliweka nini pale? Betri moja ya sola, spika mbili kuukuu, redio isiyoshika stesheni vizuri, simu tatu na likembe moja, ile ya ubao wenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Karibu na vile vyuma walifunga sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Chuma kikitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya, amplifaya inaukuza, na spika inautoa kwa sauti kubwa. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Hakukuwa na wimbo uliotayarishwa. Mmoja anaanza, mwenzake anasikiliza, kisha anaingia. Wa redio anazungusha kitufe polepole, mara inakwaruza, mara inapiga mluzi. Wa simu alikuwa amerekodi mama mmoja akitwanga mihogo. Akairudisha sauti ile, akairudia-rudia mpaka mchi ukawa ngoma. Watoto walicheka na kucheza. Hata sisi tuliokaa na uso wa kukunja, mguu ulianza kutusaliti.

Mambo yakaharibika saa mbili usiku. Maiki ilisogezwa karibu na spika, ukatoka ule mlio mkali tunaoujua kanisani mhubiri akikaribia spika sana. Maiki inasikia spika, spika inarudia maiki, sauti inazunguka mpaka inapiga kelele. Halafu waya mbili zikagusana, na spika ikatoa kishindo. PAA! Gizani, bila mtu kuambiwa.

Mama mzee mmoja, koko wa wajukuu wanne, akamshika mdogo mkono, akakimbia mpaka kwenye mahindi, akalala chini pamoja naye. Vijana wengine wakacheka. Kile kicheko kiliuma kuliko kishindo.

Kesho yake maneno yakawa mengi. Baba mmoja alituuliza: "Tumekimbia milio ya bunduki, sasa watoto wetu watuletee mingine mpaka hapa?" Neno hilo ni zito. Wengi tulivuka mpaka tukiwa na milio hiyo masikioni, na bado haijatoka. Kwa hiyo wengine wakataka muziki ule ukatazwe kabisa.

Hapo ndipo tulipotulia tukafikiri. Wazee wengine walisema huu ni muziki wa wazungu. Kumbe sivyo. Huko kwetu Kongo, mjini Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu alianzisha kikundi cha Konono No. 1 katika miaka ya 1960. Yeye ni wa Wazombo, watu wa kule karibu na mpaka wa Angola. Kwao likembe ilisikika vizuri, lakini Kinshasa ilimezwa na makelele ya magari na baa. Basi akatengeneza maiki kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya gari. Sauti ikatoka kubwa, lakini imekwaruzika. Hawakuitupa. Ule mkwaruzo wakaufanya kuwa sauti yao. Mwaka 2004 sahani yao ya Congotronics ilitoka Ubelgiji, na mwaka 2006 wakapata tuzo ya BBC huko Uingereza. Mzee alifariki mwaka 2015, na mwanawe Augustin akashika kazi.

Tena tusiende mbali. Gulu si mbali na sisi hapa West Nile. Ndugu zetu Waacholi wana ngoma ya larakaraka, yenye vibuyu na watu wengi. Vita vikawaweka kambini miaka mingi, na familia zikabaki bila pesa ya kulipa kundi zima siku ya harusi. Ndipo mtengeneza muziki Leo Palayeng akaiweka ngoma ile ndani ya kompyuta, na Otim Alpha akaimba juu yake. Watu wawili wakafanya kazi ya kundi. Mwaka 2017 nyimbo za Otim Alpha zilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, zikasikika mpaka Ulaya. Zilianzia kwenye harusi za watu waliotoka kambini, watu kama sisi.

Kwa hiyo vijana wetu si wendawazimu. Lakini mama mzee naye si mjinga. Wote wawili wana haki.

Siku ya tatu vijana wawili walienda kwake, na sisi tukawasindikiza. Mmoja akasema: "Koko, tumekuja kuomba msamaha. Tulicheka vibaya."

Akawatazama muda mrefu. Akasema: "Wajukuu, mimi sikukimbia muziki wenu. Ule wa mchi ulinipendeza. Miguu ndiyo ilikimbia, mimi nilifuata tu."

Kijana akauliza: "Sasa tufanye namna gani, Koko?"

"Mniambie mbele. Mtu akiambiwa, roho inajiandaa. Na mwanze pole pole. Hata mvua inaanza na matone."

Wapendwa, mafunzo mengi tumesikia, lakini hayo ya mama mzee yalitutosha. Baada ya hapo wazazi, vijana na viongozi wa kijiji walikaa pamoja, wakakubaliana hivi:

1. Watu watangaziwe siku mbili kabla, nyumba kwa nyumba, hasa kwa wazee, wagonjwa na mama wenye watoto wachanga.
2. Muziki uanze saa kumi na moja jioni, kungali mwanga, na uishe kabla ya saa mbili, ili wasichana na watoto wafike nyumbani mapema.
3. Kabla ya kupiga, vijana waonyeshe vyombo na sauti yake moja moja, ili kila mtu ajue kelele inatoka wapi.
4. Waya zifungwe vizuri, na mmoja akae kwenye amplifaya kuishusha mlio ukitokea.
5. Anayeogopa asichekwe. Atakayecheka, apumzike jioni moja.

Nasi tunaongeza neno kwa wazazi. Usimwambie mtoto "acha upuuzi" kabla hujamwuliza ametengenezaje. Kijana anayefungua spika mbovu usiku anajifunza umeme bila karo. Na ninyi vijana, mkumbuke kwamba kubuni papo hapo kunataka kusikiliza kwanza. Kama unamsikiliza mwenzako wa likembe, msikilize pia mama aliyekaa nyuma.

Jioni ya pili imeshafanyika. Mama mzee alikuja, akakaa pembeni karibu na njia, kiti chake kikitazama nyumbani. Ilipofika zamu ya redio kukwaruza, kijana alisimama akasema kwa sauti: "Koko, sasa inakuja." Akaitikia kwa mkono. Mjukuu alikuwa magotini pake. Hakuna aliyekimbia.

Na ninyi nyumbani kwenu mlisemaje juu ya jambo hili? Mtuandikie, ao mtuambie tukikutana kisimani. Mungu awalinde. Mpaka mwezi ujao.